Picha Saba za Kaburi la Mukhtar

Ukienda Garsen ukamwambia Ubeid akupige picha ya kitambulisho, atakupiga, tena vizuri. Atakukalisha kwenye stuli mbele ya shuka la buluu, atakuinua kidevu kwa kidole kimoja, atakuamuru usipumue kana kwamba hiyo pumzi ni mali yake, na kesho yake utachukua picha zako nne. Lakini mwambie unataka ile picha ndefu, ile ya vipande vilivyounganishwa, uone kitakachokupata. Juzijuzi mwalimu mmoja mgeni alimwomba awapige watoto wa shule nzima kwa mstari mmoja, akafukuzwa kama mbwa aliyeingia msikitini. Mwalimu wa watu alitoka pale anauliza kosa lake ni nini, na watu wa soko wakabaki kutazamana. Kosa halikuwa lake. Kisa chenyewe ni cha mwaka wa tisini na saba, mwaka wa mvua ile, na si kisa cha kumwambia mgeni mmesimama barabarani.

Ubeid ni mtu wa Ozi, kule chini Mto Tana unakokaribia bahari. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na dada yake Mwanaarusi, aliyemzidi miaka saba tu. Hebu fikiria, msichana mwenyewe bado mtoto, anapepeta mpunga, anapika, anampangusa mdogo wake kamasi na kumpiga makofi akikosea. Mukhtar, mkulima wa mpunga wa palepale Ozi, alipokuja kumposa, sharti la Mwanaarusi lilikuwa moja: huyu mtoto tunakwenda naye. Mukhtar akacheka. "Basi nimepata wawili kwa mahari ya mmoja," akasema, "nani mwenye bahati kama mimi?" Ndivyo alivyokuwa Mukhtar, Mungu amrehemu, mtu wa mzaha na moyo mweupe. Yeye ndiye aliyemfundisha Ubeid kupiga kasia, na yeye ndiye aliyempakia kwenye mtumbwi kwenda Garsen alipofika umri wa kujitafutia riziki.

Huko Garsen Ubeid aliwabebea vifaa wapima ardhi wa mradi mmoja wa mashamba. Mradi ulipokufa, kama ilivyokufa mingine, wapima ardhi walifunga virago wakaacha nyuma stendi moja ya mbao, miguu mitatu mizito yenye ncha za chuma za kuchomeka ardhini. Ubeid akaiokota. Akapata kamera kuukuu Malindi, akajifunza kusafisha picha mwenyewe, nyeusi na nyeupe, katika chumba cha nyuma alichokiziba mwanga kwa magunia. Taa ya kuchapia aliifunga kwenye betri ya gari. Watu walimcheka, kisha wakaanza kupanga foleni.

Sifa zenyewe alizipata kwa picha ya soko la ng'ombe. Alisimamisha stendi yake juu ya kichuguu, akapiga picha tano akizungusha kamera kidogo kidogo, kila picha ikiilalia iliyotangulia kwa theluthi, halafu akazichapa, akazikata, akazigandisha pamoja hadi likawa soko zima, kuanzia zizini hadi kwenye hoteli za chai. Wafugaji wa Kiorma walikuja kuitazama kwa zamu. Galgalo, mwenye ng'ombe wengi na asiyekubali mtu awahesabu, alimwona fahali wake mwekundu mle ndani, na mbele kidogo akamwona tena. "We Ubeid!" akasema. "Hii ng'ombe yangu umezalisha bila mama!" Fahali alikuwa ametembea kati ya picha na picha. Soko zima lilicheka na Ubeid akacheka nao, maana hakuna hata mmoja aliyesema picha imetikisika. Hata mikia ilionekana unywele kwa unywele.

Mtikisiko ndio uliokuwa adui yake, na hapo ulikuwa humwambii kitu. Mkanda wa kamera aliufungua akautia mfukoni, usije ukapigwa na upepo. Kidole chake hakikugusa kifyatuo. Alitegesha kisaa cha kamera, kile kinacholia tiktiktik kwa sekunde kumi, akarudi nyuma hatua mbili na kusimama kama nguzo. Akiigeuza kamera, alingoja stendi itulie kabla ya kutegesha tena. Katikati ya ile miguu alining'iniza mfuko wa mchanga, chini yake ukigusa ardhi ili usibembee. Na ole wako ukohoe karibu naye wakati huo! Watu walimpa jina la Usipumue, na yeye akalivaa kama kanzu ya Idi.

Basi mwezi wa tisa, mwaka huohuo wa tisini na saba, Mukhtar alishikwa na homa siku ya Jumatatu, na Ijumaa akazikwa. Ubeid alifika Ozi kaburi limekwisha kufukiwa. Aliwahi kumzika basi? Hakuzika. Alikaa matanga siku tatu akilia kama mtoto, kwa sababu yule hakuwa shemeji tu, alikuwa baba aliyebaki.

Mukhtar alilazwa mahali pa ukoo wao, juu kidogo ya kijiji, pale mto unapopinda. Palikuwa na makaburi sita na minazi mitatu, na kaburi lake, kwa kuwa ndilo jipya, lilikuwa la mwisho upande wa maji. Sasa, wanawake wa kwetu hawaendi kuzika. Jeneza lilitoka mlangoni kwa Mwanaarusi likaenda, yeye akaingia eda: miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hajitii manukato, anasikia ya dunia kwa kuambiwa. Mchana alijua saa kwa kivuli cha ukuta uani kwake na kwa sauti ya mwadhini. Ndugu yake aliruhusiwa kuingia kumwona, na mwezi wa kumi, mvua zimeshaanza, Ubeid akaenda.

"Umekonda, dada," alimwambia.

"Na wewe umenenepa. Garsen inakulisha nini?" Mwanaarusi alimkaribisha akae kwenye mkeka, kisha akalitoa lililokuwa moyoni. "Ubeid, wanawake wanakuja hapa kuniliwaza, halafu wananiambia mto unakula ukingo. Kila anayekuja, mto umekula. Mimi sijaliona kaburi la mume wangu. Nitatoka eda katikati ya Ramadhani. Mto ukilichukua kabla ya hapo, ndiyo sikuliona tena maisha yangu yote."

"Nitakupigia picha. Kesho hiihii."

"Usiniletee picha ya tuta la udongo. Matuta yote ni mamoja, nitajuaje ni lake? Nataka nipaone pote. Minazi, makaburi ya wazee wake, mto, shamba letu. Nataka nijue amelala wapi na amezungukwa na nini. Si wewe bingwa wa picha ndefu za ng'ombe? Basi na mume wangu hakosi kuwa na thamani ya ng'ombe." Alicheka, na kile kicheko kikamgeukia kikawa kilio. Ubeid alimshika mikono akamwapia kwa jina la Mungu kwamba picha ataipata, tena safi, haina doa.

Kesho yake alikwenda pale kwenye pindo la mto pamoja na Dhadho. Dhadho alikuwa binamu yake Mukhtar, mkulima, mtu mpole wa maneno machache, na ndiye aliyelichimba lile kaburi. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vichwa vyao. Mwanga ukiwa hafifu namna ile, jicho la kamera halina budi kukaa wazi muda mrefu zaidi, na hapo ndipo mtikisiko hupata nafasi. Ubeid alilijua hilo. Alifanya yake yote, akapiga picha saba, kuanzia kwenye minazi hadi kwenye mpaka wa shamba, akarudi Garsen akiimba.

Alipozisafisha, alitukana. Minazi ilikuwa na kingo mbili mbili. Makaburi yalikuwa kama yamepakwa mafuta. Zote saba zimetikisika, hakuna ya kuonyesha mtu. Alijilaumu mwenyewe: stendi hakuichomeka vizuri, mchanga ulikuwa mchache, na Dhadho alikuwa akizungukazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Angempelekea dada yake zilezile, pengine mambo yangekuwa mengine, maana Mwanaarusi ana akili kuliko wanaume kumi. Lakini wapi! Bingwa apeleke picha iliyotikisika? Alimtumia salamu kwamba filamu iliingia mwanga, asubiri kidogo.

Mvua haikusubiri. Kufikia katikati ya mwezi wa kumi na moja barabara zilikuwa zimezama na kila kitu kilikwenda kwa mtumbwi. Ubeid aliteremka tena Ozi, safari hii na gunia zima la kujaza mchanga. Pale kwenye makaburi aliishindilia miguu ya stendi kwa jiwe mpaka zile ncha za chuma zikazama zote. Akafunga gunia likiwa zito hata watu wawili hawalinyanyui. Akavua kofia, akavua saa ya mkononi. Ungedhani anakwenda kuswali.

Dhadho alisimama kando, pekupeku kama kawaida yake, matope hadi vifundoni. Ubeid alikuwa amevaa gambuti.

"Shemeji," Dhadho alisema, "hapa chini iko kitu. Nasikia kwa nyayo. Kama mtu anatwanga kinu, lakini mbali."

"Ni wewe!" Ubeid alimkatiza. "Hiyo miguu yako ndiyo inayonitikisia ardhi. Mara ile uliniharibia vilevile. Hebu nenda kule shambani, usirudi mpaka nikuite."

"Lakini mimi nimesimama tu."

"Dhadho, nenda!"

Dhadho aliweka mikono nyuma akaenda zake. Mtu mzima, amefiwa na binamu yake, anafukuzwa kwenye kaburi alilolichimba kwa mikono yake, na bado akaenda. Ubeid alipiga picha saba, akimaliza kila moja anangoja hadi hesabu ya thelathini. Ilibaki moja kwenye filamu. Jioni ile, nuru ikiwa imefifia zaidi, aliisimamisha stendi uani kwa Mwanaarusi akaupiga picha mkeka wake alioutandaza kwenye ukuta, ili tu filamu iishe.

Garsen alizichapa, na hapo akakaa chini. Zilikuwa mbaya kuliko zile za kwanza. Kadiri alivyoishindilia stendi ndivyo zilivyotikisika. Alizianika kwenye kamba, akazitazama siku nzima bila kufungua duka. Halafu jicho lake likaangukia ile ya nane, ya mkeka. Ukindu ulionekana mmoja mmoja. Kamera ileile, stendi ileile, siku ileile, tena mwanga mdogo zaidi, na hiyo imetulia tuli.

Ndipo likamwingia. Ilikuwa ardhi. Haukuwa mkono wala upepo wala miguu ya Dhadho. Mto ulikuwa umeingia chini ya ukingo, unautwanga usiku na mchana, na zile ncha zake za chuma zilikuwa zinauchukua ule mtwango moja kwa moja hadi kwenye kamera. Dhadho aliusikia kwa nyayo akasema kwa mdomo wake, na yeye akamfukuza. Zile picha mbovu zilikuwa zinamwambia kitu kimoja tu tangu mwezi wa kumi: pahali hapa panaondoka, hamisheni watu wenu. Na yeye alikuwa akizitupa.

Siku nne zilipita kabla ya kupata chombo. Hatimaye Bule, mtu wa mitumbwi, akakubali kumchukua pamoja na magunia ya unga aliyokuwa akipeleka Ozi. Ubeid alikuwa na jambo moja tu kichwani: afike, amwone ustadhi wa msikiti, watu wachukue majembe, Mukhtar ahamishwe. Dini inaruhusu, maji yakitishia kaburi. Kamera na stendi alivichukua kwa mazoea tu, kama mtu anavyochukua fimbo yake.

Pindo la mto unalifikia kabla ya kijiji. Walipolikaribia, mwadhini wa Ozi alikuwa akiadhini adhuhuri, sauti inakuja juu ya maji. Ubeid akamwambia Bule, "Nishushe hapa, nione kwanza."

Aliona. Nyuma ya makaburi, upande wa nchi kavu, ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa wa upana wa kiganja, mrefu, umeyazunguka makaburi yote sita pamoja na minazi. Upande huu wa ufa ardhi ilikuwa imara. Upande ule, Mukhtar na wazee wake walikuwa kwenye kipande kilichoshikiliwa na mizizi tu.

Bule alikuwa angali palepale, anasukuma mtumbwi kwa upondo aendelee na safari yake. Neno moja lilitosha! "Bule, waambie waje na majembe." Hakulisema. Kwa nini hakulisema? Kwa sababu dakika ileile, wallahi, jua lilitoka. Wiki nzima halikuonekana, na sasa likachomoza kati ya mawingu mawili, likapaangaza pale pote. Na Ubeid alijua maana ya jua. Jua likiwaka, jicho la kamera hufunguka na kufumba upesi mno, mtikisiko haupati nafasi ya kuharibu. Kilichomshinda miezi miwili kingewezekana sasa. Tena akajiambia, na alikuwa na haki kwa kiasi chake, kwamba Mukhtar akishahamishwa, pahali pale hapatakuwapo tena. Dada yake ataona nini? Picha saba ni dakika kumi. Atapiga, kisha atakimbia. Bule akaondoka zake.

Alisimamisha stendi upande huu wa ufa. Ya kwanza ikaenda vizuri, minazi yote mitatu. Akaigeuza kamera, na jua likajificha.

Akangoja. Likatoka, akapiga ya pili. Likajificha. Bila jua picha ingetikisika, hilo hakulitilia shaka, na picha nzima haina maana ikiwa kipande kimoja kimeharibika. Katika ile ya tatu wingu lilikuwa kubwa, akangoja sana. Mara mbili alianza kukunja stendi akimbie kijijini, na mara zote mbili aliona uwazi wa buluu unakuja angani, akajisemea bado kidogo. Alimwomba Mungu jua, akilia, ufa uko mbele yake, na hakuondoka. Picha ya sita ilikuwa na kaburi la Mukhtar. Ya saba, mpaka wa shamba. Alipoifyatua ya saba aliacha stendi papo hapo akatimua mbio.

Alipofika kijijini watu walikuwa wanatoka msikitini, wameshaswali alasiri. "Ukingo unaondoka! Makaburi! Leteni majembe!" Alipita mlango wa dada yake akipiga kelele hivyohivyo. Hakuna aliyemuuliza amefika saa ngapi. Ustadhi alisema bismillahi, chimbeni, na wanaume wanane wakaenda mbio, Dhadho mbele yao.

Walianza na Mukhtar kwa kuwa ndiye wa pembeni kabisa. Walichimba kwa zamu, Dhadho amefungwa kamba kiunoni. Udongo ulikuwa umelowa, mzito, unateleza na kurudi. Walichimba hadi magotini, hadi kiunoni, hadi jembe la Dhadho likagonga ubao uliomfunika Mukhtar. "Nimemfikia!" akaita. "Nimemfikia, leteni shuka!" Na hapo ukingo ukaondoka. Haukutoa kishindo, ulikaa chini tu, kama mtu aliyechoka, pamoja na minazi na makaburi yote sita, na maji mekundu yakapita juu. Walimvuta Dhadho kwa kamba akatoka amejaa matope hadi mdomoni, mkononi ameshika kipande cha ubao.

Alilia yule mtu, hadharani, mbele ya wenzake. "Nusu saa," alikuwa akisema. "Ningepata nusu saa tu ningemtoa." Akamkumbatia Ubeid, akamwambia ahsante kwa kuja kutuambia. Ubeid alisimama ndani ya kumbatio lile na hakuweza kuinua mikono.

Alirudi Garsen. Filamu aliiweka ndani ya kopo, kopo ndani ya sanduku, na hakuigusa kwa wiki nyingi. Lakini ahadi ni ahadi, na Ramadhani ilipofika aliisafisha. Zilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga. Aliziangalia kwa kioo cha kukuzia, akitafuta mtikisiko, hakuuona. Hakutafuta kitu kingine. Aliziunganisha kwa gundi, viungo havionekani, akazikunja na kuzifunga kwa kitambaa.

Mwanaarusi alitoka eda siku ya kumi na nane ya Ramadhani. Kesho yake asubuhi Ubeid alimkuta uani, ameoga, amevaa leso mpya, amezeeka. Alikuwa ameshakwenda kwenye pindo la mto na kuona maji. Ubeid aliikunjua picha juu ya mkeka.

Mwanaarusi aliweka mkono kifuani. "Yuko wapi?"

"Huyu hapa, dada. Wa mwisho."

Aliinama, akaligusa kwa ncha ya kidole, polepole, kama unavyomgusa mtoto aliyelala usije ukamwamsha. "Mukhtar," alisema. "Kumbe ulikuwa na minazi." Machozi yakamtoka, lakini uso wake ulikuwa umefunguka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa. "Mungu akulipe, mdogo wangu. Nimemwona. Sasa nimemwona." Ubeid naye akalia, na kwa muda kidogo pale uani alidhani kwamba amesamehewa jambo ambalo hakuna aliyelijua.

Mwanaarusi hakuinua macho. Alikuwa na njaa ya kupaona. Alikwenda na kidole chake kutoka picha ya kwanza, mnazi kwa mnazi, kaburi kwa kaburi, hadi mpaka wa shamba, akarudi, akaenda tena. Safari ya tatu kidole kilikwenda taratibu zaidi. Kikasimama.

"Hiki kivuli cha mnazi," alisema. "Kiko chini ya mnazi. Hii ni adhuhuri."

Kidole kikaendelea hadi picha ya sita.

"Na hiki hapa, cha kibao cha kichwani kwa Mukhtar." Alipima kwa vidole vyake, kibao, kisha kivuli. "Kimekuwa kirefu, karibu sawa na kibao chenyewe. Hapa alasiri imekaribia." Aliutazama na ule ufa mweusi, ulioanza kwenye picha ya kwanza na kwenda hadi ya mwisho, umetoka wazi kabisa. "Siku ile ulipopita mlangoni kwangu unaita watu, nilikuwa nimeshatoa salamu ya alasiri. Ulikuwa pale tangu adhuhuri, Ubeid?"

"Ndiyo, dada."

"Na ufa unauona?"

"Nauona."

"Ukifanya nini?"

Alitaka kusema mengi, kwamba ilikuwa kwa ajili yake, kwamba alimwapia. "Nikingoja jua," alisema. "Kila picha ilitaka jua. Nilitaka zisitikisike."

Mwanaarusi aliitazama tena ile picha, mwisho hadi mwisho, akiipa muda wake.

"Kweli," alisema. "Hazikutikisika."

Akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Ubeid alikaa palepale kwenye mkeka hadi kivuli cha ukuta kikamfikia, na mlango haukufunguliwa.